Chai ya majani niliyoiweka juani imetoa ute, nimekosea wapi?

mnanaa_uani

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Wiki ya tatu hii natengeneza chai ya jua, yaani nachukua lile chupa kubwa la kioo najaza maji ya bomba natupia mnanaa na mchaichai nafunika naliweka juani, hamna moto hamna gesi, jioni nachuja nakunywa. Na kusema ukweli ni tamu kuliko ile ya kuchemsha, haina ule uchungu wa nyuma ya ulimi na harufu ya mnanaa inakuja mbichi kabisa kama umesugua jani mkononi sasa hivi. Nikawa hadi najisifu kwa watu.

Sasa jumamosi niliweka saa tatu asubuhi nikatoka zangu, nikarudi saa kumi na mbili jioni, nikaonja ikawa kawaida, nikatia sukari kidogo nikaiacha mezani hadi kesho yake maana nilikuwa nimechoka. Asubuhi namimina kwenye glasi naona INAVUTA. Yaani inashuka kama ute wa yai, ndani kuna vinyuzi nyuzi vyeupe vinaelea. Harufu wala si mbaya, ndo kinachonichanganya. Nimemwaga nusu, nusu bado ipo naiangalia tu.

Ni utomvu wa majani au ni nini? Inanyweka nikichuja kwa kitambaa? Na je kuna namna ya kufanya hii kitu isitokee tena, maana kuiacha chai ya jua kabisa itaniuma.

Naomba kuwasilisha.

---

Jua_la_Mchana

Mtoa mada usiogope, mimi hii kitu nafanya miaka na miaka na sijawahi hata kuharisha. Majani mabichi mengine yana utomvu bana, ukiloweka muda mrefu lazima yatoe. Halafu kumbuka jua lenyewe ni dawa, kuna watu wanasafisha maji ya kunywa kwa kuyaweka tu juani kwenye chupa za plastiki, sasa kama jua linasafisha maji machafu litashindwaje na chai? Chuja kunywa, acha uoga.

---

Chujio

Mwaga. Usichuje, usionje, usimpe mtu, mwaga yote na hilo chupa usilitumie kwanza.

Sasa niseme kwa nini, maana huyo aliyenitangulia ameongea kwa kujiamini sana. Mnanaa na mchaichai havitoi ute wa kuvuta. Mbegu za mrehani ndio zinatoa ute ukiziloweka, bamia inatoa, mbegu za kitani zinatoa, lakini mnanaa hapana. Na kama ungekuwa utomvu ungeuona tokea wiki ya kwanza, majani si ni yale yale? Huo ute umetengenezwa na bakteria. Wapo wanaojijengea utando unaonata wakishazaliana wengi, na kwenye hizi chai za jua anayetajwa sana anaitwa Alcaligenes viscolactis, ni wa kwenye udongo na maji, ndiye huyo huyo anayefanya maziwa yavute kama uzi. Kwa hiyo kutonuka hakukuhakikishii kitu, vijidudu vingi vinavyoumiza tumbo havina harufu wala ladha.

Tatizo la chai ya jua ni hili hapa na ukilielewa mengine yote yanajipanga yenyewe. Chupa la kioo likikaa juani halifiki kwenye moto, linaishia kwenye uvuguvugu. Bakteria wanazaliana vizuri kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, hapo katikati wanafurahia zaidi pale karibu na joto la mwili wa mtu. Chupa lako masaa yote yale lilikuwa linapita humo humo, halafu jioni ukalishusha mezani nako ni humo humo, ukawaongezea na sukari wale. Masaa ishirini na nne kasoro kidogo. Wewe umewalea hao bana!

Kuhusu majani: watu wanadhani majani yakikauka ndo yameshakuwa salama. Kukauka kunawafanya bakteria walale tu, ukiwatia maji wanaamka. Mabichi nayo yanatoka na udongo wake na vinyesi vya ndege na nini. Hata ukiosha unapunguza, humalizi.

Na chai ya majani ya dawa ina hatari zaidi kidogo kuliko majani ya chai ya kawaida, maana ile ya kawaida ina kafeini inayowabana bakteria angalau kidogo. Mnanaa hauna kafeini. Wale CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, miaka ya 1990 walishatoa ushauri kuhusu chai ya barafu, kwamba maji yafike kama nyuzi 90 kwa dakika 3 hadi 5 na chai isikae nje zaidi ya masaa 8. Hiyo ni chai ya kawaida, yenye kafeini yake. Wewe unaweka majani yasiyo nayo kwenye maji ya vuguvugu unategemea nini.

---

mnanaa_uani

Duh. Nimemwaga.

Ila mkuu Chujio una uhakika halifiki joto? Maana mchana nikilishika linaunguza kabisa. Na swali lingine, chupa langu lina kikoki kwa chini cha kumiminia, ndo maana nalipenda, hilo nalo lina shida?

---

Chujio

Linakuunguza mkono sababu mkono unaona nyuzi 50 ni moto. Chukua temometa ya jikoni pima katikati ya maji, sio kwenye kioo.

Kikoki ndo nyumba yenyewe ya hao jamaa. Fungua kile kikoki leo, toa ile mpira ya ndani, uniambie umekuta nini.

---

mnanaa_uani

Nimefungua. Sitaki kusimulia. Ni kijani.

---

Jua_la_Mchana

Hahaha pole. Ila bado hamjanijibu hoja yangu, jua linasafisha maji au halisafishi? Hii sio habari ya vijiweni, ni njia inayofundishwa kabisa, unajaza chupa ya plastiki inayopitisha mwanga unailaza juani masaa 6, kukiwa na mawingu siku 2, unakunywa. Kama ni uvuguvugu si na hayo maji yangeoza?

---

Chujio

Hoja yako ni nzuri kabisa na nakubali inafundishwa, ile njia ipo na inafanya kazi. Lakini angalia inafanya kazije. Kinachoua pale hasa ni miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, joto linasaidia tu. Ndo maana wanasema maji yawe angavu, yakiwa na tope miale haipenyi, na chupa isizidi lita mbili hivi ili mwanga ufike upande wa pili, na iwe ya plastiki ile nyembamba isiyo na rangi, sababu kioo kinene kinazuia sehemu ya hiyo miale.

Sasa wewe unachukua maji angavu unayatia majani. Majani yanaweka kivuli, maji yanageuka kijani au njano au mekundu, rangi yenyewe ndo inameza miale, halafu bakteria wamejibana chini ya jani mwanga hauwaoni. Umeondoa kile kile kilichokuwa kinaua ukabakisha uvuguvugu peke yake. Ukitaka kutumia jua kusafisha maji, safisha maji matupu kwanza. Chai ni shughuli nyingine.

Na kwamba hujawahi kuumwa miaka yote hiyo, sikukatalii, watu wengi hawaumwi. Unaweka masaa mangapi?

---

Jua_la_Mchana

Mawili matatu, kisha nakunywa yote siku ile ile na wanangu. Haijawahi kulala.

---

Chujio

Ndo hapo sasa. Hujawapa muda. Mtoa mada kawapa usiku mzima na sukari.

---

RoselaTu

Mimi naomba niulize kuhusu rosela, maana ndio natumia zaidi na naona hamjaigusa. Ile si chachu, asidi yake si inaua? Na pia kuna siku ilinitokea kioja, niliweka rosela juani nikitegemea rangi nyekundu ile ya kupendeza, narudi nakuta maji yana rangi kama ya wino, bluu ya ajabu ajabu yenye ukijivu. Nikadhani nimelogwa nikamwaga mbali.

---

Chujio

Ulioshea chupa kwa magadi soda?

---

RoselaTu

Wewe ni mganga? Ndiyo, ilikuwa imenuka vitunguu nikaisugua na magadi soda.

---

Chujio

Hukusuuza vizuri. Rangi ya rosela inabadilika kufuata uchachu, penye asidi inakuwa nyekundu ya kung'aa, penye magadi inakwenda kwenye bluu na kijani. Ungekamulia limao ingerudi nyekundu mbele ya macho yako, ila ladha ya magadi ingebaki kwa hiyo kumwaga ulifanya vyema.

Uchachu wa rosela unasaidia kweli, bakteria wengi hawapendi, na kama ni lazima mtu afanye chai ya juani kwa mtindo wa zamani ningemwambia afanye ya rosela kuliko ya mnanaa. Lakini usiifanye kinga. Ukiweka maua machache kwenye maji mengi uchachu unapungua, na ukungu wala hausumbuliwi na uchachu. Halafu anayetumia dawa za presha asikae anakunywa rosela majagi kwa majagi bila kumuuliza daktari wake, maana nayo inashusha.

---

Fundi Boksi

Nimechelewa kuiona hii mada. Mnabishana jua linatosha au halitoshi wakati dawa yake ni kuliongeza jua lenyewe! Tatizo sio jua, tatizo ni chupa kukaa wazi upepo unalipiga joto lote linaondoka.

Tengeneza boksi. Jamaa mmoja wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alishaanza hivi mwaka 1767 kwa boksi na vioo tu na baadaye akapita joto la maji kuchemka, sasa sisi tunashindwa nini. Unachukua maboksi mawili ya karatasi ngumu, dogo liingie kwenye kubwa na pabaki nafasi ya vidole vinne kila upande, hiyo nafasi unajaza magazeti yaliyokunjwakunjwa. Boksi la ndani unabandika foili kwenye kuta, chini unaweka bati jeusi au kitu chochote cheusi kisichotoa harufu ya rangi kikipata moto. Juu kioo, kikae kizuri bila upenyo. Mfuniko wa boksi la nje unaubandika foili nao unausimamisha uwe unarushia jua ndani. Kwisha.

Sufuria iwe nyepesi, nyeusi, ina mfuniko. Ukipenda chupa ya kioo basi ipake nje rangi nyeusi au ivalishe soksi nyeusi, ndio soksi, usicheke, na mfuniko usikaze maana mvuke unataka kutoka. Usitoe chupa la moto ukalitia maji ya baridi, litapasuka nimeshavunja mawili. Na usiinamie pale kwenye foili bila miwani, inapiga macho vibaya sana.

Muda: tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe mwenyewe jua liko juu vya kutosha, anza. Kikiwa kirefu kuliko wewe acha, utapata uvuguvugu ule ule mnaousema. Geuza boksi kila nusu saa lifuate jua.

Unachotafuta ni maji yakae nyuzi 65 kwenda juu kwa dakika kadhaa, hapo vijidudu vya kawaida vya tumbo vinakufa, haihitaji hadi kuchemka. Boksi langu siku nzuri linapita 90. Kama huna temometa chukua nta ya nyuki kipande, weka kwenye kichupa kidogo kilichozibwa vizuri, zamisha kwenye maji. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi. Ikishayeyuka yote mpe tena nusu saa usikimbilie kutoa. Nta ya mshumaa usitumie, kuna mishumaa inayeyuka mapema sana itakudanganya.

Mimi napasha maji matupu kwanza, yakishafika ndo natumbukiza majani, nafunika tena dakika 15. Ukitia majani mapema yanapikika mpaka yanakuwa kama mboga.

---

Chujio

Nakazia. Nyongeza moja tu, hata yakifika hapo kuna mbegu za bakteria ambazo hazifi kwa nyuzi 65 wala hata kwa kuchemsha, zinasubiri maji yapoe. Kwa hiyo ikishaiva ama unywe siku hiyo ama iingie frijini mapema. Sukari weka kwenye glasi yako, sio kwenye chupa. Asali vile vile, na mtoto wa chini ya mwaka asipewe asali kabisa.

Na kwa mwenye friji kuna njia ya kivivu kuliko zote na ndio naitumia mimi: majani yaliyooshwa, maji yaliyochemshwa yakapoa, chupa safi, frijini jioni, asubuhi chuja. Huko ni nyuzi 4, bakteria wanalala. Harufu ya mnanaa inatoka vizuri tu kwenye baridi na ule uchungu hautoki, sababu vile vinavyoleta uchungu na ukakasi vinahitaji moto kutoka. Ule utamu mtoa mada anaousifia ni wa maji yasiyo ya moto, jua halikuchangia kitu.

---

Jua_la_Mchana

Sasa umeanza kumtukana jua.

---

kivuli_kirefu

Samahani naingilia kati, tangawizi na mdalasini vinatoka juani? Mi nimejaribu maji yanakuwa na rangi tu.

---

Fundi Boksi

Havitoki. Mizizi na magome vinataka kuchemshwa haswa, majani na maua ndo ya kuloweka. Kwenye boksi unaweza, weka tangawizi iliyopondwa kwenye maji tangu mwanzo iende nayo masaa mawili. Mdalasini nao vile vile, uvunje vunje.

---

mnanaa_uani

Wakuu nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi (sikuahidi lakini nilikuwa na deni).

Kwanza nilipima lile chupa la zamani, likiwa na maji matupu, kikoki nimekitoa nimeziba. Saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, jua kali halina hata wingu. Katikati ya maji: nyuzi 47. Nikasubiri mpaka saa tisa, 48. Ikaanza kushuka. Chujio nakupa heshima yako.

Boksi nimetengeneza jumapili. Kioo ni cha dirisha la zamani, foili nimebandika na gundi ya unga kwa hiyo limepinda pinda linaonekana kama kiatu cha kutembelea mwezini, watoto wa nyumbani wameliita hivyo hivyo. Jaribio la kwanza nikasahau kuligeuza nikapata 58, nta imelainika tu haijayeyuka, nikamwaga. Jaribio la pili nikakaa nalo kama nalea mtoto, nageuza kila nusu saa, saa saba na robo nikasoma 79. Nta imekuwa maji kabisa. Nikatumbukiza mchaichai na vipande viwili vya ganda la limao, mnanaa nikauacha wa mwisho dakika tano tu.

Sasa ladha. Mchaichai wa kwenye boksi ni mtamu kuliko wa frijini, hilo sibishani na mtu, unatoka mzito na ile harufu yake ya limao inajaa pua. Ila mnanaa umepoteza kitu, hata kwa dakika tano umekuwa kama peremende iliyokaa mfukoni. Mnanaa wa frijini umeushinda mbali. Kwa hiyo sasa nafanya mchaichai kwenye boksi, ikipoa nachuja, naiingiza frijini na mnanaa mbichi ambao nimeumwagia maji ya moto sekunde chache nikautoa, asubuhi nachuja tena. Najua ni kazi mbili kwa chai moja msinicheke.

Ute sijauona tena. Na kikoki nimekitupa, nimeweka kizibo cha kawaida.

Mkuu Fundi Boksi, hiyo ya soksi nyeusi ulikuwa unatania au? Maana nimevalisha chupa soksi na imepanda nyuzi 6 zaidi ya siku ile ya bila soksi.

---

Fundi Boksi

Sijawahi kutania kuhusu soksi.

---

RoselaTu

Leo huku mawingu tangu asubuhi na boksi langu nimelimaliza jana usiku. Nimekaa nalo nje masaa mawili, nyuzi 34. Nimeingia ndani nimewasha jiko.